Aulizwe Tena

Kariakoo, anayenyamaza hauzi. Ndiyo maana Mtaa wa Kongo una spika kila baada ya duka, na kila spika inataka kuizidi ya jirani. Mgeni huondoka hapo na kichwa kinamuuma. Wenyewe wala hawasikii tena, mpaka siku spika mojawapo iwaambie jambo linalowahusu.

Jumamosi moja asubuhi Badria alisimama kwenye duka la mapazia la Severa, akipapasa kitambaa cha bluu. Alivaa baibui lililofunguka mbele, ndani gauni la rangi ya udongo, na mtandio wa kijani ambao kila akigeuka ulimteleza begani akaurudisha bila kufikiri. Juu ya mlango spika ilikuwa kazini:

"Pazia zito, pazia jepesi, pazia la kumpokea mama mkwe, na la kujificha akija bila taarifa. Usichague kwa macho, mama, shika kwa mkono."

Badria alicheka. "Anayesema hayo hajawahi kutundika pazia maishani mwake," alimwambia Severa.

"Kweli, sijawahi," sauti ile ile ikajibu, safari hii nyuma yake na bila spika.

Aligeuka. Mbele yake alisimama kijana mrefu, mwembamba, shati la mikono mifupi, kamba ya flashi shingoni. Severa, mama wa Kichaga aliyeuza mapazia tangu Kariakoo haijajaa maghorofa, akamtambulisha bila kuacha kupima kitambaa.

"Huyu ndiye Abdulatif. Anarekodi matangazo. Nusu ya mtaa huu tunauza kwa mdomo wake. Siku akipata mafua, tunafunga."

"Na wewe dada unauza nini?" Abdulatif akauliza.

"Siuzi. Nafundisha fasihi ya Kiingereza, masomo ya jioni, kule Upanga. Wanafunzi wakija wameshachoka. Nikiwasomea shairi wanasinzia."

"Hawasinzii. Sauti yako inawabembeleza."

"Naona umeshaanza kuniuzia pazia."

Abdulatif akainamisha kichwa, kashindwa. Mtu wa maneno akishindwa kwa neno moja hupenda papo hapo, na yeye alipenda. Badria aliona, akajifanya anaangalia kitambaa.

"Unaweza kusoma kitu ambacho hakiuzwi?" akamuuliza. "Nina shairi la Waingereza, la enzi za Malkia Victoria. Nimelitafsiri ili wanafunzi walisikie kwanza kwa Kiswahili. Mtu mmoja tu ndiye anayeongea, mwanzo mpaka mwisho."

"Basi huyo ni mimi," Abdulatif akasema.

Chumba chake cha kurekodia kilikuwa chini ya ngazi za ghorofa moja Mtaa wa Aggrey. Kuta alizibandika vipande vya godoro kuzuia kelele, na joto lake lilitosha kuivisha maandazi. Badria hakuingia ndani. Alikaa kwenye stuli mlangoni, mlango wazi, miguu ukumbini, kila mpita na mzigo akimwomba njia. Abdulatif alimwekea feni kabla ya kujiwekea mwenyewe, na Badria akalitia hilo akilini.

Shairi lenyewe halikuwa gumu. Bwana mmoja mwenye nyumba kubwa amemwita fundi kufuli. Anamtembeza bustanini, anamweleza kwa upole kwa nini lango linataka kufuli jipya: mke wake ana tabia ya kuwapa wapita njia maua. Hamgombezi mke wake, hajawahi kumpandishia sauti. Mke yuko dirishani muda wote na hasemi neno.

Abdulatif alisoma mara moja, akavua vifaa vya masikioni. "Huyu bwana anampenda mkewe."

"Umejuaje?"

"Kamtaja kila mstari."

"Kamtaja, ila jina lake hujalisikia." Badria alisogeza stuli. "Hebu angalia nani anaongea na nani ananyamaza. Enzi zile mwanamke akiolewa, alichonacho kinakuwa cha mume. Nyumba ya bwana, bustani ya bwana. Hata hayo maua anayogawa si yake. Bwana hana haja ya kupiga kelele, kila kitu kiko upande wake. Na uzuri wa shairi ni kwamba yeye anadhani anamsema mke, kumbe anajisema mwenyewe."

"Na siku hizi je?"

"Siku hizi wanabadilisha kufuli tu."

Abdulatif alicheka mpaka akajifuta macho. Badria akamuuliza swali alilokuwa akiwauliza wanafunzi wake: "Fundi kufuli angemjibu nini yule bwana?"

"Fundi? Fundi hana la kujibu. Anafunga kufuli, anachukua chake, anaondoka."

"Hapo ndipo ninapomwogopea yule mama," Badria akasema taratibu. "Kila mtu aliyekuwepo alikuwa na kazi yake ya kufanya."

Basi shairi likawa sababu ya kukutana, na lilipokwisha rekodiwa walitafuta sababu nyingine. Walikula mihogo ya kukaanga Mtaa wa Sikukuu. Walitembea mpaka Posta, Abdulatif akimsomea mabango ya njiani kwa sauti ya tangazo mpaka askari wa benki akatabasamu. Alimwita mwalimu wangu, alimwita laazizi. Badria alimwita Spika, na akiwa peke yake alilitaja jina lake zima polepole, kwa raha ya kulitaja.

Tatizo lilianza na gari. Benedict, mwalimu wa historia pale Upanga, alikuwa na gari dogo jeupe, na jioni akielekea kwake Magomeni alimpitisha Badria Kariakoo. Siku moja Abdulatif aliwaona Msimbazi. Badria alishuka akicheka, akaegemea dirisha la gari, akaongeza neno, akacheka tena. Usiku ule ule simu ikaita.

"Umefika, laazizi?"

"Nimefika. Benedict kanishusha hapo Msimbazi."

"Benedict tena."

"Ulitaka nitembee kwa miguu na mvua hii?"

"Sijasema kitu mimi."

"Hujasema, ila nimekusikia."

Walicheka wote wawili, na hapo ndipo walipokosea, maana jambo lililochekewa halikuzungumzwa. Abdulatif hakutaka kuonekana mwanaume wa kizamani mbele ya mwanamke aliyesoma. Akaumeza wivu wake, na wivu ukimezwa hausagiki. Alikuwa ameshamwambia mjomba wake aandike barua ya posa. Moyoni alishaamua kwamba Badria akishakuwa mke, kazi ya jioni itakwisha. Hilo hakumwambia mtu.

Mtu hakumwambia, ila kinasa sauti alikiambia. Mkesha wa siku ya barua alikuwa akiandaa matangazo mapya ya duka la Severa. Alipomaliza, akalisoma tena shairi la fundi kufuli, kujifurahisha tu, akalichanganya na yake, kinasa bado kinarekodi. Kisha akahamisha kila kitu kwenye flashi, akampelekea Severa, akaenda kunyoa nywele.

Kesho yake mchana Badria alipita Mtaa wa Kongo kununua udi. Nyumbani walikuwa wanajua kwamba baada ya Alasiri watakuja wageni, na hakuna aliyemwambia wazi, kama ilivyo desturi, lakini mama yake aliamka akipika sambusa. Alitembea mwepesi. Alipofika kwa Severa alisimama kusikiliza tangazo jipya, apate la kumtania mwenyewe. Pazia zito, pazia jepesi. Likaisha. Spika ikakoroma kidogo, sauti ya Abdulatif ikarudi, safari hii ya chini, ya upole.

"Ingia, fundi. Lango ndilo hili. Mke wangu Badria ana mkono mwepesi, kila mpita njia anampa ua na tabasamu juu yake. Juzi kampa mwenye gari jeupe, mwalimu Benedict. Mimi simkatazi. Mimi si mtu wa kukataza. Nataka kufuli tu, fundi, lisilopiga kelele. Akishaingia kwangu, masomo ya jioni yatakwisha yenyewe. Usimwambie sasa. Atazoea."

Watu walisimama. Kariakoo husimama kwa mwizi na kwa jambo la mapenzi.

"Hii bidhaa gani jamani?" akauliza mchukuzi mmoja.

"Makufuli," mwenzake akamjibu.

"Makufuli wapi, huyo ana mke kiguu na njia. Mwanaume anavumilia, mnamsikia alivyo mpole?"

"Upole gani huo," akadakia mama muuza vyombo, beseni kiunoni. "Anayegomba utamjibu. Huyo anakufungia na bado anakuita mpenzi. Mimi ningekuwa huyo Badria, ningeshafika Kibaha."

"Lakini mke wa mtu na gari la mtu vinahusianaje?"

"Si wamesema mwalimu? Mwalimu asipande gari?"

Severa alikuwa amepanda kiti, akivuta flashi. Alipoichomoa alimwona Badria amesimama kwenye mapazia ya bluu, pale pale alipokuwa amesimama siku ya kwanza. Alimwita. Badria aliurudisha mtandio begani, akageuka, akaenda zake.

Nyumbani kwao, Mtaa wa Mchikichi, alikaa kitandani na baibui lake mwilini. Aliumia kwa sababu alimpenda, na aliumia zaidi kwa sababu alikuwa akiwafundisha watu jambo hili kila mwaka, na hakuliona lilipomjia na shati la mikono mifupi. Sebuleni alisikia wageni wakiingia, salamu ndefu, vicheko, sahani. Kisha baba mdogo wake, Mwinyimvua, aliyesimama mahali pa baba yake aliyefariki, akaingia chumbani na kanzu nyeupe na harufu ya marashi.

"Mwanangu, imekuja barua ya posa. Kijana ni Abdulatif, na kwao tunapajua. Unasemaje?"

Badria alifungua mdomo. Angeanzia wapi? Spika, fundi, maua, Benedict? Machozi yalimtoka. Aliinamisha kichwa, akanyamaza.

Mwinyimvua alikuwa mtu mwema. Aliwahi kuwauliza dada zake, akawauliza na binti zake, na wote waliinamisha kichwa hivi hivi na kulia hivi hivi. Alilelewa akijua kwamba mwali hasemi ndiyo, ila hunyamaza. Akamwekea mkono kichwani.

"Alhamdulillahi. Mungu akutie kheri." Akatoka, na sebuleni pakasomwa Fatiha.

Abdulatif aliposikia jibu alikuwa Aggrey, chini ya ngazi. Alipiga simu, haikupokelewa. Akaona hiyo ni haya ya mchumba, akafurahi zaidi. Alituma ujumbe wa sauti, akatuma mwingine. Asubuhi akapita kwa Severa na kashata za kugawa.

Severa hakuchukua. Alivaa kitenge cha kazi, miwani juu ya kichwa, na hakuwa na uso wa kutania. "Mdogo wangu, kaa. Jana flashi yako imesema mambo."

Akaichomeka kwenye redio ndogo ya ndani, akapunguza sauti. Abdulatif alijisikiliza. Kwa miaka alikuwa amejisikia akiuza mapazia, viatu, sufuria na dawa ya mende, na hakuwahi kujichukia. Alijichukia siku hiyo. Lililomkata maini ni ule upole. Afadhali angekuwa amefoka.

"Nani alisikia?"

"Mtaa mzima."

"Dada Severa, nani?"

"Alikuwepo. Alisimama hapo, kwenye bluu."

Abdulatif aliweka kashata chini. "Na baada ya hapo ndipo akaulizwa."

"Si wamekubali?" Severa akauliza, na hakuwa na ubaya, alikuwa mtu wa biashara. "Basi nyamaza. Jambo limeshapita. Ukishaoa utamwomba msamaha mkiwa ndani kwenu."

"Hilo halikusemwa na Badria, limesemwa na machozi yake, na mimi ndiye niliyemliza." Akasimama. "Dada yangu, nikinyamaza hapa, kufuli lenyewe ndilo hili."

Alifika Mchikichi baada ya Alasiri, kanzu na kofia, bila mjomba. Mwinyimvua alikuwa barazani na tasbihi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bwana harusi haji peke yake namna hii."

"Nimekuja kuomba Badria aulizwe tena."

Mzee aliacha kuhesabu. "Nimemuuliza. Kanyamaza. Mimi nimeoza mabinti, Abdulatif, kimya cha mwali nakijua."

"Kimya cha Badria hakikuwa cha haya, mzee. Kilikuwa cha uchungu." Kisha akaeleza yote, bila kupunguza, gari jeupe na masomo ya jioni na lile neno *atazoea*. Mtu aliyezoea kusema bila kusikilizwa alijua safari hii anasikilizwa, maana pazia la ukumbini lilitikisika na ncha ya mtandio wa kijani ikaonekana. "Naomba aulizwe. Na akikataa, asilaumiwe. Lawama niwekeeni mimi."

Mwinyimvua aliweka tasbihi chini. "Kumbe mimi pia nimekosa," akasema, na akaita, "Badria, mwanangu."

Badria akatoka. Hakukaa.

"Ulikuwa uniambie lini?" akamuuliza Abdulatif. "Kuhusu kazi yangu."

"Sikuwa na siku. Nilikuwa nasubiri uwe umeshaingia."

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Unacheka vizuri sana kwenye lile gari. Nikaona mimi nina maneno ya mapazia tu, yeye ana vitabu kama wewe."

"Ungeniambia hivyo. Hivyo hivyo ulivyosema sasa hivi." "Ningekupenda mara mbili, Abdulatif. Badala yake ukaenda kumwambia fundi."

Badria akamgeukia mzee. "Baba mdogo, leo sijibu. Kesho nina darasa. Huyu aje akae nyuma, asikilize, asiongee. Halafu nitajua."

Abdulatif akaenda. Mtu aliyewahi kusimamisha Mtaa wa Kongo alikaa kwenye dawati la mwisho, magoti yamegonga meza, na akanyamaza saa nzima. Alimwona Badria akiwa kazini kwa mara ya kwanza. Aliwachezesha wanafunzi lile shairi, akawaachia wabishane juu ya yule bwana, nani mwenye wivu na nani mwenye haki, akamshika mkono kwa swali kila aliyechelewa kupata neno. Binti mmoja aliyefunga nywele kwa utepe alisimama.

"Mwalimu, mimi simwogopi yule bwana. Nataka tu huyo mama afungue dirisha aseme jambo moja. Hata kama atasema anampenda. Aseme yeye."

Badria hakumtazama mtu wa nyuma. Abdulatif alimtazama yeye, na hapo akaelewa alikuwa karibu kukizima kitu gani. Machozi yalimlengalenga mbele ya watoto wa watu.

Nje mvua ilikuwa inanyesha, Benedict anawasha gari. "Shemeji, ingia," akamwambia Abdulatif, akifungua mlango. "Mke wangu kaniambia nikupe siti ya mbele, eti Mtaa wa Kongo ulinitaja vibaya. Kacheka yule mpaka mtoto kaamka."

"Nisamehe, mwalimu."

"Yameshapita. Angalia tu mlango wangu, ukiupiga sana unaanguka."

Abdulatif hakukaa mbele. Alikaa nyuma, upande wa pili wa siti akakaa Badria, mikoba ya madaftari katikati yao. Gari likaingia kwenye foleni, vipangusa vioo vikipiga kelele zao za mpira. Badria alitoa simu, akaweka sauti nje.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Uko njiani?"

"Niko njiani. Lile swali lako la juzi, naomba uniulize tena."

Mwinyimvua akakohoa, akajiweka sawa huko aliko. "Badria binti wa ndugu yangu, Abdulatif anakuposa. Unamtaka?"

"Namtaka," Badria akasema, wazi, mpaka Benedict akaangalia kwenye kioo. "Nafundisha jioni na nitaendelea kufundisha, yeye anajua. Akiwa na wivu ataniambia mimi. Namtaka, baba mdogo. Nasema kwa mdomo wangu, nikiwa na akili zangu, na silii."

Alikuwa analia, lakini hilo mzee hakuliona.

"Nimesikia, na safari hii nimesikia kweli. Huyo mwenzako yuko wapi?"

"Yupo hapa."

"Mbona kimya? Kimya chake nikichukulieje?"

Badria aliiondoa mikoba ya madaftari katikati, akaiweka miguuni. Akamsogezea Abdulatif simu.

"Usikichukulie kitu," akasema. "Muulize."

"Abdulatif," mzee akaita, "unamtaka Badria, na jioni zake?"

Sauti iliyouza nusu ya Kariakoo ilitoka nyembamba, imepasuka, haikufika hata siti ya mbele.

"Namtaka, mzee. Na nitakuwa nampokea kituoni."